Ubani Ndani ya Mashini ya Bei Kali

Hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo, ukitaka kujua kama mtu ana cheo, muulize wazee wake walitoka wapi. Wazee wa mtu wa kawaida walitoka kijiji fulani, wakalima, wakafa. Wazee wa mtu mwenye cheo walitoka pwani. Na waliotoka pwani kuja kwetu ni wengi mno, hata najiuliza huko pwani alibaki nani wa kufunga milango.

Baba ya mchumba wangu alikuwa mtu wa pwani wa namna hiyo, ingawa pwani yenyewe hajaiona hata siku moja. Alikuwa na duka karibu na soko, la vitenge, sabuni, sukari na mipira ya baiskeli. Alivaa kanzu nyeupe ambayo vumbi la mji huu, sijui kwa nini, liliiogopa. Mtu yeyote akimsalimu, kabla hajaitikia vizuri aliuliza, "Weye ni wa mulango gani?" Mlango kwetu ndio ukoo. Mlango wangu mimi haukufika pwani. Kwa kweli haukufika hata barabara kubwa. Baba yangu ni mkulima wa Kabambare, Mubangubangu kwa kabila, mtu wa mpunga, karanga na mihogo, Mwislamu kama wao lakini Mwislamu mwenye matope miguuni.

Taabu yangu yote ilikuwa hii. Kwa desturi ya nyumbani, baba ya kijana anakuja yeye mwenyewe kwa baba ya msichana, anakaa kwenye mkeka, anataja mlango wake, anaomba. Hatumi mjomba, hatumi simu. Asipokuja yeye, posa haipo, na baba yangu hasikii lolote. Mzee wa pwani aliposikia kwamba mtoto wake anataka apande pikipiki mpaka Kabambare, aliuliza mbele ya wateja, "Miye niende Kabambare kuomba? Kuomba nini, mihogo?"

Maneno hayo yalinifikia kabla ya alasiri. Mjini kwetu mtandao wa simu unakatika, lakini mtandao wa midomo haujawahi kukatika. Nililia, nikatukana, nikalia tena. Nilimpenda kijana wake, na sitalizungusha jambo hilo: nilimpenda kiasi cha kuona wanaume wengine wote wamechongwa haraka haraka. Alikuwa na kasoro moja tu. Akisimama mbele ya baba yake, uti wa mgongo ulikwenda likizo. "Tungoje," aliniambia. "Baba atalainika." Na mimi nilikuwa nimefika umri ambao mashangazi wanaanza kupunguza sauti ukiingia jikoni.

Nina kijiduka cha kuchapa na kufotokopi, kwenye njia ya kwenda sokoni. Paneli za jua juu ya bati, betri chini ya meza, na mashini kuukuu za kompyuta nilizonunua baada ya wenyewe kuzichoka. Nilipoanza, zilikuwa na ule mfumo wa kulipia ambao kila mtu anaujua, yaani sisi wote tunautumia na hakuna anayeulipia. Flashi za wanafunzi zikaumaliza. Mwanafunzi wa Kasongo akikuletea kazi ya kuchapa, anakuletea na virusi wa mtaa mzima. Basi rafiki niliyesoma naye Bukavu akanipa mfumo mwingine, wa bure, uliotengenezwa na watu wa dunia nzima wasiojuana, kila mmoja akiandika kipande chake na kukiacha wazi ili mwingine akisome, akirekebishe, akitumie. Tangu hapo virusi wanakuja, wanakosa pa kukaa, wanaondoka. Ubaya wake mmoja ni kwamba unapowaka unaonyesha maandishi meupe juu ya giza, mistari inakimbia, na wateja wanarudi nyuma hatua mbili tatu. Mzee wa pwani alikuja siku moja kufotokopi karata ya uchaguzi, ile kadi ya kupigia kura, akaiangalia mistari ile, akasema, "Kumbe hii ndiyo ordinatere ya maskini," yaani kompyuta.

Yake ilikuwa ya matajiri. Aliinunua kwenye migodi ya Salamabila kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu, mashini nyembamba ya rangi ya fedha, ya kampuni kubwa ya Amerika ambayo sitaitaja kwa kuwa imekwisha kujitangaza ya kutosha. Aliiweka dukani juu ya kitambaa cha kudarizi. Asubuhi ilisoma Kurani, mchana ilionyesha picha za harusi za ukoo, na hiyo ndiyo kazi yake yote. Wateja walioinamia kuitazama aliwaambia, "Hii haina muchanganyiko. Imetoka kwa kampuni moja, juu mpaka chini. Safi." Alisema safi kama alivyolisema akitaja ukoo wake.

Na kila Alhamisi jioni, kama watu wa nyumba za zamani wote, aliwasha chetezo akafukiza duka ubani. Alifukiza kasha la pesa, alifukiza mizani, na kwa sababu ya mapenzi akainyanyua na mashini, akaishika juu ya moshi pale kwenye vitundu vya pembeni, ili baraka ziingie vizuri.

Ziliingia. Siku moja mashini ikapata joto kali, ikavuma, ikajizima. Alipoiwasha tena ikakataa kufika mahali popote. Fundi wa simu wa sokoni aliishika, akaigeuza, akasema dawa yake iko Dubai. Hivyo mzee akabaki na mtu mmoja tu Kasongo nzima, na mtu huyo alikuwa mimi.

Alikuja mwenyewe, akiwa ameibeba ndani ya kitambaa chake. Akatoa salamu, nikaitikia, nikampa kiti. Wateja waliokuwa wakingoja fotokopi wakasogea, maana habari zetu walizijua kuliko sisi wenyewe. Yeye hakutaja Kabambare. Mimi sikutaja mihogo.

Nilifungua chini. Pale panapopita hewa palikuwa pamejaa masizi mazito, meusi, yenye kunata, na harufu ikatoka kama tumefungua msikiti siku ya Idi. Nilicheka. Nilijaribu kujizuia nikashindwa.

"Baba," nikamwambia, "umeifukiza mpaka ndani ya mapafu."

"Ubani haijaua mutu," akasema.

"Mutu hapana."

Nikasafisha kwa brashi na spiriti, taratibu, naye akifuata mkono wangu kwa macho kama mtu anayetahiriwa mjukuu. Feni ikazunguka. Lakini kwa kuwa mashini ilikuwa imejizima ovyo mara nyingi, mafaili yake yalikuwa yamevurugika, na ilibidi niiwashe kwa njia ya mafundi, ile isiyo na picha, ili ijichunguze yenyewe. Nikabonyeza vitufe vyake. Kioo kikawa cheusi. Maandishi meupe yakaanza kukimbia.

Mzee akasimama.

"Hii iko nini?"

"Ni mashini yako, Baba. Inajitazama ndani."

"Hapana. Hii ni ile ya kwako! Ile ya maskini! Niliiona hapa hapa, maandishi meupe, giza nyuma. Umetoa ya ndani ya mashini yangu, umetia ya bure!"

Wateja wakatugeukia wote. Mji kama wetu ukikuita mwizi asubuhi, jioni watoto wameshapata wimbo. Na mwizi mwenyewe awe msichana wa Kabambare anayemtaka kijana wa nyumba ile! Niliiona ndoa yangu ikitoka mlangoni, ikikunja kona ya soko, ikipotea. Damu ikanipanda kichwani, na ulimi hauna mfupa.

"Baba," nikasema, "ningetaka kukuibia, ningeiba mutoto wako. Yeye kumufungua haihitaji hata turnavisi." Nikainua bisbisi yangu.

Watu wakacheka mpaka mama mmoja akadondosha vyeti vyake vya shule. Mzee hakucheka. Nami nilijua kwamba nimemwaga petroli mahali palipotakiwa maji.

Kwa bahati mashini ilimaliza kujichunguza. Nikaizima, nikaiwasha kwa njia ya kawaida, picha zikarudi, rangi zikarudi, harusi zote zikarudi, hakuna aliyepotea. Lakini hakuridhika. "Umeificha," akasema. "Ile nyeusi iko chini bado."

"Iko chini, ndiyo. Ilikuwa chini tangu siku ile ulipoinunua."

Nikamwonyesha. Ndani ya mashini yake ile ile ya bei kali, nikafungua kidirisha cheusi, nikaandika amri ninazoziandika kila siku kwenye mashini zangu za maskini. Ikaitikia vilevile, bila kiburi. Kisha nikafungua karatasi za haki, yaani leseni za walioandika mfumo, ambazo kampuni yenyewe imeziweka mle ndani na ambazo hakuna binadamu anayezisoma. Ukurasa juu ya ukurasa. Majina ya watu, vyuo, vikundi, watu tena. Nilikuwa nimezisoma zamani kwenye mtandao, nikiwa mwanafunzi, kwa sababu ya udadisi na kwa sababu ya kukosa nauli ya kwenda kutembea.

Nikamweleza kwa lugha ya dukani. Madirisha haya, picha, rangi, sauti tamu, hivyo ni vya kampuni, imevitengeneza yenyewe na kuvifungia. Lakini chini, pale panapoamuliwa nani apate kumbukumbu, faili likae wapi, umeme uende wapi, kuna kazi ya watu wengine, ya zamani, iliyoandikwa chuoni na majumbani na kuachwa wazi. Kampuni iliichukua, ikaijengea juu, na sehemu kubwa ya msingi huo mpaka leo inaiacha wazi, mtu yeyote aweza kwenda kuisoma.

Mwanzoni aliniuliza kama mfanyabiashara. "Yaani wamechukua kitu ya bure, wakaniuzia miye bei kali?"

"Wamejenga juu yake, Baba. Nyumba ni yao, uwanja ni wa watu."

"Na wale watu hawakusema kitu?"

"Waliruhusu wenyewe. Wameandika hapa: chukua, tumia, badilisha, uza ukitaka. Wako wengine wakali zaidi, hao wanakulazimisha na weye uache wazi. Lakini hawa wa humu wengi wao wameweka sharti ndogo tu."

"Sharti gani?"

"Usifute jina letu."

Akakaa. Akaniambia nisome tena pale pale. Nikasoma tena, nikitafsiri neno kwa neno, kwamba ruhusa inatolewa kwa sharti kwamba tangazo hili, pamoja na wenye haki waliotajwa humu, libaki.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Na kampuni kubwa namna ile imekubali?"

"Si ndio haya majina unayaona."

Hapo ningenyamaza, mambo yangekuwa mazuri. Mzee alikuwa amelainika, ameegemea meza, anatazama majina yanavyopanda kwenye kioo. Lakini nilikuwa bado na neno lake la mihogo tumboni, na neno likikaa tumboni linachacha.

"Weye kila siku unatutajia baba ya babu yako aliyetoka pwani," nikasema. "Na mama aliyemuzaa babu yako, jina lake nani? Ama huyo wa pwani ndiye alinyonyesha?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee alifunga mashini. Akaichukua mikononi, hakuaga, akaenda zake, na kitambaa chake cha kudarizi kikabaki kwenye meza yangu. Nikajua nimejizika mwenyewe. Nilifunga duka mapema, nikajilaza, nikajisuta kwa lugha zote ninazozijua. Kibangubangu kina matusi mazuri zaidi, kama kuna anayetaka kujua.

Siku zikapita bila habari. Kisha mchumba wangu akaja, mnyonge, akakaa mahali pa wateja. Akasema baba yake hali chakula vizuri. Akasema amekwenda kwa dada yake mkubwa, yule shangazi ambaye katika ukoo wao amebaki peke yake kati ya wale wa zamani, akamwuliza mama ya babu yao aliitwa nani. Shangazi akajibu, "Bibi." Akamwuliza tena, jina lake. Shangazi akasema hakusikia jina lingine, aliitwa bibi tu, mwanamke wa huko Kabambare aliyekuja na msafara.

Aliyekuja na msafara! Kasongo tunayatumia maneno hayo kwa adabu, na adabu yake inanichefua. Kila mmoja wetu anajua misafara ile ya enzi ya utumwa ilikuwa imebeba nini, na waliobeba walikuwa nani, na wamefungwa vipi. Yule mwanamke hakuja. Aliletwa. Akalima, akapika, akazaa, akafundisha watoto kusema, na juu ya mgongo wake wakaandika pwani.

"Baba anasema atakwenda Kabambare," mchumba wangu akamalizia.

"Kufanya nini?"

"Hakusema. Nami sikuuliza."

Bila shaka hakuuliza. Nilimpenda vilevile.

Nilitangulia nyumbani Kabambare. Baba yangu alikuwa amejiandaa, kwa sababu na yeye ana kiburi chake, ila chake hakivai kanzu. Habari ya mihogo ilikuwa imemfikia. Akaamuru wageni wapikiwe mihogo ya kuchemsha, ugali wa mihogo na sombe, ambayo nayo ni majani ya mihogo, na mtu yeyote asithubutu kugusa kuku. Mama alimsihi, akakataa. Shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke ambaye hajawahi kushindwa ugomvi wowote kuanzia hapa mpaka Lusangi, aliona ni mpango mzuri sana.

Mzee wa pwani alifika na mtoto wake, kila mmoja nyuma ya motari wake wa pikipiki, kanzu imekunjwa kiunoni, miguuni mabuti ya plastiki, matope mpaka kwenye ndevu. Vumbi liliiogopa kanzu ile lakini matope ya njia ya Kabambare hayaogopi mtu. Akanawa, akakaa kwenye mkeka, akaletewa chakula. Akatazama sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaelewa. Akala zote, akajilamba vidole, akaomba aongezwe sombe. Baba yangu alikasirika kidogo kwa kuwa mtego haukunasa.

Ndipo mzee akasimama kutaja mlango wake. Alianza kama kawaida, yeye mtoto wa fulani, mtoto wa fulani, mpaka kwa yule wa pwani. Baba yangu alikuwa akichokoa meno, anatazama paa. Nilitazama chini. Nilijua anayefuata ni pwani yenyewe, na bahari, na merikebu, na baba yangu angenyanyuka na kuondoka.

Lakini mzee alikomea hapo, akamtazama baba yangu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Na mama ya babu yangu alikuwa mutu wa huku kwenu. Alichukuliwa. Kwetu hatujamutaja hata siku moja."

Baba aliacha meno yake. Shangazi akaruka.

"Mutu wa huku? Basi hawa batoto ni ndugu! Haiwezekani! Kwetu mutu haoi mulango wake!"

Ni kweli, kwetu ni mwiko, hata undugu uwe wa mbali kiasi gani. Mchumba wangu alinitazama, amekuwa wa rangi ya unga. Mzee akasema kwamba katika dini si haramu. Shangazi akamwambia, "Dini iko musikitini. Hapa ni kwetu." Nilitaka kumziba mdomo kwa mwiko wa ugali. Mimi niliyemfungua yule mzee kinywa, sasa kinywa chake kingeninyima mume!

Baba alimnyamazisha dada yake kwa mkono. Akamgeukia mgeni, naye hakuwa na hasira tena.

"Alikuwa wa mulango gani?"

"Hatujui."

"Kijiji?"

"Hatujui."

"Baba yake nani?"

Mzee alitikisa kichwa.

"Yeye mwenyewe. Jina yake."

"Nimeuliza wote," mzee akasema. "Hakuna mutu iko nayo." Akavua kofia yake, akajifuta uso, na hayakuwa matope.

Mwishowe shangazi yangu, yule asiyeshindwa, aliketi tena kwenye mkeka. "Basi hatuna la kukataza," akasema. "Angekuwa na jina, tungejua ni wa nani."

Hivyo ndivyo nilivyopata mume. Nilifurahi, sitaki kudanganya, nilipiga vigelegele mwenyewe wakati bibi arusi anatakiwa kuinamisha kichwa. Na kila nikifurahi nilikuwa nikijua kwamba kama mtu mmoja tu, katika nyumba ile kubwa, angejisumbua kulikumbuka jina la mwanamke yule, huenda nisingempata.

Siku ya ndoa, baba mkwe aliombwa kuwaombea marehemu wa nyumba zote mbili. Akawataja wa kwetu mmoja mmoja, alikuwa amejifunza. Akawataja wa kwao, wanaume wote mpaka wa pwani. Halafu akafika pahali akasimama, mikono bado juu, midomo wazi, hana jina la kutaja. Watu wakaanza kutazamana.

"Na yule wa kwetu!" shangazi yangu akapaza sauti kutoka nyuma kwa wanawake, kwa sauti ya mtu anayeita jirani ng'ambo ya mto.

"Na yule wa kwenu," baba mkwe akaitika, na watu wote wakasema amina.